Mtama si Chakula cha Njaa: Mazungumzo na Walaji wa Nafaka



Nimeombwa nizungumze juu ya mtama, nafaka ambayo baadhi yetu tumekulia na wengine tunaijua kama chakula cha kuku tu. Nitaeleza kwa ufupi ulikotoka na unakoelekea katika chakula cha nchi yetu. Kisha nitatumia sehemu kubwa ya muda wangu kwa mambo yanayomhusu mnunuzi: namna ya kuuchagua, kuupima, kuuhifadhi na kuupika. Jambo moja naomba lisisahaulike: mtama hauwezi kutuokoa mwaka wa njaa ikiwa tumeukataa miaka ya shibe. Mkulima hapandi asichoweza kukiuza, na ghala haliweki kisicholimwa.

Nafaka ya hapahapa

Mtama ni mmea wa Afrika. Mashariki mwa Sudan yamepatikana mabaki ya mtama ulioanza kulimwa yapata miaka 5,000 iliyopita. Mahindi ni mgeni: asili yake ni bara la Amerika, na yalifika Afrika kuanzia karne ya 16. Kabla ya hapo, jamii nyingi za bara hili ziliishi kwa mtama, uwele na ulezi.

Hapa Tanzania, mtama hulimwa zaidi katika maeneo yenye mvua haba: Dodoma, Singida, Shinyanga, Simiyu, Tabora, sehemu za Mara, na huko kusini Lindi na Mtwara. Wasukuma huuita busiga. Katika nchi ya Wagogo, ugali wa mtama au wa uwele kwa mlenda ni chakula cha heshima, kisichohitaji kutetewa mbele ya mtu yeyote.

Sababu ya kudumu kwake huko ni maumbile yake. Mizizi yake huenda chini sana, majani yake yana utando kama nta, na jua likizidi hujikunja ili kupunguza upotevu wa maji. Mvua ikikatika, mmea husimama kukua. Mvua ikirejea, huendelea. Mahindi hayana subira hiyo. Yakikosa maji wakati wa kutoa mbelewele, mavuno hupotea hata kama mvua itanyesha vizuri baadaye.

Hapa niondoe mkanganyiko mmoja wa sokoni. Mtama una punje za mviringo, kubwa kuliko za nafaka nyingine ndogo, nyeupe, nyekundu au za kahawia. Uwele una punje ndogo zaidi, aghalabu za kijivu, zilizochongoka upande mmoja. Ulezi una punje ndogo mno, nyekundu zinazoelekea kahawia. Umoja wa Mataifa ulipoutangaza mwaka 2023 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa nafaka hizi, zote zilihesabiwa pamoja. Hata hivyo, kwa mnunuzi, bei zake, ladha zake na mapishi yake ni tofauti. Uliza jina, kisha tazama punje.

Jinsi mtama ulivyorudi nyuma

Mtama haukuachwa kwa sababu ya ubaya wake. Enzi za ukoloni, sheria ndogo za wilaya ziliwalazimisha wakulima katika maeneo mengi kupanda mazao ya kinga ya njaa, mtama na mihogo yakiwa miongoni mwake. Nafaka iliyokuwa chakula cha kawaida ikaanza kunukia amri na adhabu. Wakati huohuo mahindi yalipata soko mijini, mashambani na migodini, yakawa chakula cha mshahara.

Baada ya ukame wa 1973 hadi 1975, Serikali ililazimika kuagiza chakula kingi kutoka nje. Ili jambo hilo lisijirudie, bei za mtama na mazao mengine yanayostahimili ukame zilipandishwa, na Shirika la Usagishaji la Taifa likanunua mtama kwa wingi. Wakulima waliitikia wito, lakini walaji wa mijini hawakuitikia. Mtama ulirundikana maghalani bila wanunuzi, kwa kuwa mtu wa mjini alikuwa amezoea sembe. Wazee waliopo hapa watakumbuka kwamba mwongo uliofuata watu walipanga foleni ili wapate unga wa mahindi ya msaada, ule wa manjano uliopewa jina la yanga. Basi somo la miaka ile ni hili: bei nzuri kwa mkulima haitoshi ikiwa mezani hakuna anayekitaka chakula chenyewe.

Zipo na sababu za kazi. Mtama hushambuliwa na ndege, hasa kwelea kwelea, ambao kundi lake huweza kumaliza shamba kwa siku chache. Zamani watoto ndio walioamia ndege. Leo watoto wako shuleni, jambo jema, na mkulima hubaki peke yake. Kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mtama, nalo hupunguza mavuno. Watafiti wa nchi yetu wamejitahidi: aina za Wahi na Hakika, zilizotolewa mwaka 2002, huvumilia kiduha, na aina za Pato na Macia zina punje nyeupe zinazofaa kwa ugali. Hata hivyo mbegu bora haifiki kwa kila mkulima, na sehemu kubwa ya mtama unaouona sokoni bado ni wa mbegu za asili.

Wanunuzi wapya na hesabu ya kila mtu

Katika miaka ya karibuni mtama umepata wanunuzi ambao haukuwa nao. Viwanda vya bia hununua mtama mweupe. Watengenezaji wa vyakula vya mifugo nao wanauhitaji. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, huhifadhi mtama pamoja na mahindi na mpunga. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani limenunua mtama wa Dodoma na kupeleka sehemu yake Sudan Kusini, ambako mtama ndio chakula kikuu.

Hizi ni habari njema kwa mkulima, lakini tusizipokee bila kufikiri. Tutazame majirani zetu wa Kenya. Huko, wakulima wengi wa maeneo makavu ya mashariki walianza kulima mtama kwa ajili ya bia ya bei nafuu iliyosamehewa ushuru. Mwaka 2013 Serikali ya nchi hiyo iliondoa nusu ya msamaha ule. Bei ya bia ikapanda, mauzo yakaporomoka, na mahitaji ya mtama yakaanguka pamoja nayo. Miaka miwili baadaye msamaha uliongezwa tena. Mkulima anayemtegemea mnunuzi mmoja hulala na kuamka na hali ya mnunuzi huyo. Mnunuzi mwenye kudumu kuliko wote ni jiko la nyumbani.

Sasa tupige hesabu ndogo. Kwa miaka mingi ya karibuni mavuno yetu ya mtama yamekuwa kati ya tani 650,000 na 900,000 kwa mwaka, ilhali mahindi huwa mamilioni ya tani. Sensa ya 2012 ilituhesabu watu milioni 44.9, ya 2022 ilituhesabu milioni 61.7. Tuchukue mavuno yaleyale, tani 800,000, tuyagawe kwa hesabu zote mbili. Fungu la kila mtu lingekuwa takribani kilo 18 mwaka 2012 na kilo 13 mwaka 2022. Toa humo mbegu, toa cha kiwandani, toa kilicholiwa na fukusi, ndipo utakapoona kilichobaki kwa sufuria. Nafaka hii isipoongezeka, itakuwa inapungua mikononi mwetu hata pale takwimu zinaposema imebaki palepale.

Mwishoni mwa 2022 na mwanzoni mwa 2023 bei ya mahindi ilipanda sana, na kila mwenye familia aliusikia uchungu wake. Kaya iliyozoea nafaka mbili hubadili sufuria. Kaya iliyozoea nafaka moja hupunguza milo. Hiyo ndiyo tofauti ninayotaka tuizungumzie.

Kuchagua mtama sokoni

Chota punje kiganjani, uzitazame na kuzinusa. Mtama mzuri ni mkavu, hauna harufu ya uvundo, na punje zake hazina madoa meusi ya ukungu. Uma punje moja: ikikatika kwa mlio mkavu ni dalili njema, ikibonyea, ina unyevu. Kwa nafaka ya kuhifadhi, unyevu haupaswi kuzidi asilimia 13.

Chunguza mchanga. Lalamiko kubwa la walaji juu ya mtama ni mchanga mdomoni, nalo latokana na kupura masuke juu ya ardhi tupu. Loweka kiganja kimoja cha punje katika bakuli la maji, koroga, kisha ona kilichotuama chini. Ukimwambia mfanyabiashara kwamba utamlipa zaidi kidogo kwa mtama uliopurwa juu ya turubai, ujumbe huo utafika shambani haraka kuliko hotuba yangu hii.

Rangi peke yake isikudanganye. Baadhi ya mitama ina tanini, kemikali yenye ukakasi ambayo huwafukuza ndege shambani, lakini pia hupunguza kiasi cha protini na madini ya chuma mwili unachoweza kupata. Mtama mwingi wa kahawia unayo. Mtama mweupe kwa kawaida hauna. Mwekundu waweza kuwa nayo au usiwe nayo. Kwaruza ganda la punje kwa ncha ya kisu. Ukikuta chini yake utando mweusi au wa kahawia iliyokoza, huo una tanini. Haukatazwi kuliwa, ila unahitaji kukobolewa au kuchachushwa.

Jihadhari na mbegu. Mbegu za kupanda hutiwa dawa za kuua wadudu na kuvu, na hupakwa rangi ya waridi, kijani au nyingine isiyo ya asili ili itambulike kuwa si chakula. Ukikuta punje za rangi hizo zimechanganywa na nafaka ya kula, usinunue, na toa taarifa. Kuosha hakuondoi sumu hiyo.

Kuhusu unga, soma lebo: jina la bidhaa, viambato, uzito halisi, jina na anwani ya mtengenezaji, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi, na alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Ikiwa lebo inasema unga wa mtama huku viambato vikianza na mahindi, unalipia mtama na kula mahindi. Fahamu pia kwamba kanuni za mwaka 2011 za kuongeza virutubishi ziliwekwa kwa unga wa mahindi, unga wa ngano na mafuta ya kula. Usidhani kila unga wa mtama umeongezewa virutubishi. Lebo ndiyo itakayokueleza.

Vipimo na bei

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Nami naongeza kwamba kibaba chenyewe lazima kiwe cha haki. Sado na debe hupima ujazo, na ujazo hubadilika kwa namna chombo kilivyobonyezwa au nafaka ilivyomwagwa. Nunua kwa kilo, kwenye mizani iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo, na hakikisha kwamba mizani inasoma sifuri kabla nafaka haijawekwa. Lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kimo chake, ni kosa kisheria. Humwibia mkulima kwanza, kisha huvuruga bei hadi kwa mlaji.

Wengi huuliza kwa nini unga wa mtama dukani hupita bei ya sembe ilhali nafaka yenyewe si ghali hivyo. Sababu ni kadhaa. Kiasi kinachosagwa ni kidogo, kwa hiyo gharama za kiwanda hugawanywa kwa mifuko michache. Usafishaji wa mchanga ni kazi. Ukoboaji nao hupunguza uzito: kilo 10 za punje zaweza kutoa kilo 8 au pungufu. Mwenye nafasi na anunue punje, azisafishe, na apeleke mashine ya mtaani. Majirani watatu au wanne wakipeleka pamoja, mwenye mashine hatakuwa na sababu ya kukataa kusafisha kinu chake kwa ajili ya debe moja.

Kuhifadhi

Husemwa kwamba akiba haiozi. Nafaka yenye unyevu huoza, tena huzaa sumukuvu, sumu itokanayo na kuvu ambayo haionekani kwa macho wala haiishi kwa kupikwa. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu wapatao 20 walipoteza maisha baada ya kula mahindi yenye sumukuvu. Mtama kwa kawaida hauathiriki kwa kiwango cha mahindi na karanga, lakini hauna kinga. Kausha juu ya turubai au kichanja, ondoa punje zilizovunjika na zenye ukungu, na usiweke magunia sakafuni bila chaga.

Dumuzi, mdudu aliyetambuliwa mkoani Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, hupenda zaidi mahindi na mihogo mikavu. Mtama kwake si chakula cha kwanza. Fukusi ndiye adui wa kuangaliwa. Mifuko isiyopitisha hewa, maarufu kama mifuko ya kinga njaa, humfisha bila dawa, mradi nafaka iwe kavu na mfuko ufungwe barabara. Unga usiokobolewa huwa na mafuta ya kiini cha punje, kwa hiyo huchacha mapema. Saga unga wa wiki mbili au tatu, siyo wa miezi mitatu.

Kupika

Aliyezoea sembe asianze kwa mtama mtupu akakata tamaa. Achanganye kwanza theluthi moja ya unga wa mtama na theluthi mbili za mahindi, kisha aongeze kadiri familia inavyozoea. Ugali wa mtama huhitaji maji yaliyochemka sawasawa na moto wa wastani. Ukiharakishwa hubaki na ladha ya ubichi. Mtama uliokobolewa hupikwa pia mzima kama wali, au kama makande pamoja na kunde. Ulowekwe usiku kucha, nao utaiva mapema na kuokoa mkaa.

Protini ya mtama ina upungufu, na maharage, kunde, choroko au dagaa huuziba. Mboga za majani na tunda lenye uchachu, kama limau au chungwa, husaidia mwili kupata madini ya chuma. Chai iahirishwe hadi saa moja au mbili baada ya kula. Kuchachusha, kama katika togwa, hurahisisha usagaji wa chakula tumboni. Ila kwa kimea kuna tahadhari: vichipukizi na vijizizi vya mtama vina sumu ya asili inayotoa sianidi. Kimea kikaushwe vizuri, vichipukizi na vijizizi viondolewe kwa kusugua na kupepeta, ndipo kisagwe. Chipukizi mbichi za mtama zisiliwe kamwe, wala zisipewe mifugo.

Madai ya kupuuzwa

Kwa kuwa mtama umeanza kupendwa na watu wa mijini, maneno nayo yameongezeka. Anayekuambia kwamba unga wake unaponya kisukari anakudanganya. Mtama ni nafaka ya wanga kama nafaka nyingine. Usiokobolewa una nyuzinyuzi nyingi, na hilo ni jema, lakini kiasi unachokula bado kina maana na dawa ulizoandikiwa zisiachwe. Anayesema mtama mwekundu huongeza damu kwa sababu ya rangi yake hasemi kweli, kwani tanini yaweza hata kuzuia madini ya chuma. Ni kweli kwamba mtama hauna gluteni, na hivyo wamfaa mtu ambaye mwili wake haupokei ngano. Lakini mtu huyo ahakikishe kwamba unga wake haukusagwa kwenye kinu kilichotoka kusaga ngano.

Haki na wajibu wetu

Omba risiti na uitunze pamoja na mfuko. Ukipunjwa uzito, nenda Wakala wa Vipimo. Ukiuziwa chakula kisicho salama au chenye lebo ya uongo, nenda TBS, ambayo tangu 2019 ndiyo yenye dhamana ya usalama wa chakula. Ukihadaiwa kwa matangazo au bidhaa bandia, nenda Tume ya Ushindani. Malalamiko ya mlaji mmoja huonekana madogo, lakini yakiandikwa hubaki, na yakifanana na ya wengine hufungua uchunguzi.

Ndugu zangu, sikuja kuwaomba muache mahindi. Nawaomba mtama upate siku yake katika juma la kila kaya: ugali siku moja, uji siku nyingine. Kaya inayonunua kilo mbili kila mwezi, mwaka hadi mwaka, humpa mkulima wa Kongwa au Iramba sababu ya kupanda kabla hajajua mvua itakuwaje. Ukame utakapokuja, nafaka itakuwa ghalani, mwenye mashine atakuwa anajua kuikoboa, mpishi atakuwa anajua kuisonga, na mtoto hataisukuma sahani kando kwa kudhani amepewa chakula cha kuku.

Sasa nakaribisha maswali, na mwenye sampuli ya mtama au unga anaotaka tuutazame pamoja, na aulete hapa mbele.